Shingo ya Mama, Kadi ya Mtoto

Siku ya kliniki ya watoto, akina mama wa Mkumbi, huku milimani Mbinga, na vitongoji vyake huteremka vilima alfajiri, mtoto mgongoni, kadi imeviringishwa ndani ya kanga isilowe umande. Mizani inatundikwa, mtoto anavalishwa ile kaptula ya kupimia, analia, nesi anasoma kilo na kutia nukta kwenye mstari wa kadi. Nukta ikipanda, mama anapongezwa. Ikishuka, anaulizwa maswali: mtoto anakula nini, anaharisha, ananyonya vizuri? Nimelitazama tukio hili mara nyingi, na kila mara jicho langu huishia pale pale, kwenye shingo ya yule aliyembeba mtoto. Yeye hapandi mizani. Hakuna anayemwambia ainue kidevu.

Tezi dundumio imekaa mbele ya koo, chini kidogo ya kikoromeo, imetandaza mbawa zake mbili kama kipepeo. Homoni zake ndizo zinazouamuru mwili uende kwa kasi gani: moyo upige mara ngapi, joto liwe kiasi gani, tumbo lisage vipi, hedhi ije au isije, usingizi uwe mzito au mwepesi. Malighafi yake ni madini joto. Yakipungua, tezi hutanuka ikijaribu kunasa hata kidogo kinachopita, na hapo ndipo linapotokea rovu, ambalo siku hizi wengi wetu tunaliita goita.

Nyanda za juu za kusini zimelijua rovu kwa muda mrefu. Mwaka 1965 daktari Michael Latham alichapisha matokeo ya uchunguzi wake kuhusu rovu Ukinga, ng'ambo ya milima kutoka huku kwetu. Miaka 20 baadaye, mwaka 1985, ukachapishwa utafiti mwingine wa kusini mwa Tanzania, na huu naurudia mara kwa mara kwa sababu ya njia iliyotumika. Watafiti walichukua matone ya damu, wakayakausha kwenye karatasi, wakayapima homoni ya TSH, ambayo hupanda tezi inaposhindwa, mbali na vijiji yalikotoka. Walionyesha kwamba watu wengi hawakuwa na shingo nene tu, bali mwili mzima ulikuwa umepoa kwa kukosa homoni, na kwamba sindano ya mafuta yenye madini joto iliwarudisha katika hali nzuri. Nitarudi kwenye karatasi hiyo.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1980, serikali na Taasisi ya Chakula na Lishe zilisambaza vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi. Miaka ya 1990 ikaja sheria ya kutia madini joto kwenye chumvi. Matunda yake yalionekana. Miaka ya 1980 ilikadiriwa kuwa robo ya Watanzania wana rovu; uchunguzi wa kitaifa wa watoto wa shule mwaka 2004 ulikuta asilimia 6.9 tu, na nyumba 8 kati ya 10 zikitumia chumvi yenye madini joto. Ni moja ya kazi kubwa kabisa za afya ya jamii zilizowahi kufanyika nchini, na waliobeba maboksi ya vidonge kwa miguu hadi vijijini hawajashukuriwa vya kutosha.

Lakini ushindi huo ulituachia tabia mbaya. Shingo zilipopungua unene, tukaacha kuzishika. Mtaalamu kijana anaweza leo kumaliza mafunzo yake huku akiliona rovu kama habari ya picha za zamani. Na mama mjamzito, ambaye tezi yake inafanya kazi kubwa kuliko ya mtu mwingine yeyote kijijini, akabaki amesimama mahali ambapo hatutazami.

Kwanza niseme kwa nini eneo letu lisijisahau. Udongo wa milimani umeoshwa na mvua kwa maelfu ya miaka, na madini joto yameondoka na maji. Kilimo cha ngolo, cha mashimo kwenye miteremko, ambacho Wamatengo wa huku wamekitumia kwa vizazi vingi kuzuia mmomonyoko, kinalinda rutuba kwa ustadi wa kushangaza, lakini hakiwezi kurudisha madini yaliyokwisha kwenda. Mahindi na maharage ya shamba la namna hiyo yatakushibisha bila kukupa madini joto ya kutosha. Ukiteremka hadi mwambao wa Ziwa Nyasa, Mbamba Bay, Liuli au Lituhi, utaambiwa kuwa kule hakuna shida kwa sababu watu wanakula samaki. Samaki wa baharini ndio wenye madini joto mengi; usipa na mbasa wa maji baridi hawawafikii. Hata bahari yenyewe si kinga kamili. Uchunguzi wa watoto wa shule Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuta rovu kwa wingi Unguja na zaidi Pemba, kisiwa kilichozungukwa na bahari pande zote, ambako karibu hakuna nyumba iliyokuwa na chumvi yenye madini joto.

Kuna pia muhogo. Muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa vizuri huacha mwilini kemikali inayoizuia tezi isinase madini joto. Funzo kubwa juu ya hilo lilitoka kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo. Miaka ya 1960 na kuendelea watafiti walikuta watu wa kaskazini mwa kisiwa wana rovu kwa wingi na wa kusini-magharibi wachache, ingawa pande zote mbili zilikuwa na upungufu uleule wa madini joto. Tofauti ikafuatiliwa hadi kwenye muhogo. Simwambii mtu wa mwambaoni aache ugali wa muhogo, kwa kuwa kufanya hivyo ni kumwambia ahame. Namwambia aloweke siku za kutosha, aanike mpaka ukauke kabisa, na chumvi ya nyumbani iwe ile yenye madini joto, ikae kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jua na moshi wa jiko, na itiwe chakula kikikaribia kuiva. Chumvi iliyoachwa wazi hupoteza madini yake kimyakimya.

Sasa tuje kwenye ujauzito. Katika wiki za mwanzo mtoto hana tezi inayofanya kazi. Hadi karibu wiki ya 12 anategemea homoni ya mama kwa asilimia mia, na hata baada ya hapo tezi yake huchukua wiki kadhaa kushika kasi. Ubongo haungoji. Kwa hiyo tezi ya mama inabidi itoe homoni kwa karibu nusu zaidi ya kawaida, na mahitaji yake ya madini joto yanapanda kutoka mikrogramu 150 kwa siku hadi 250, kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani. Tezi yenye afya na chumvi nzuri humudu. Tezi iliyokuwa ikichechemea hushindwa, na mara nyingi hushindwa kabla mama hajafika kliniki kwa mara ya kwanza.

Homoni ikipungua sana, mimba inaweza kutoka, shinikizo la damu likapanda, kondo likabanduka mapema, mtoto akazaliwa njiti. Kuhusu akili ya mtoto, utafiti wa James Haddow na wenzake wa Marekani mwaka 1999 ulikuta watoto wa mama waliokuwa na upungufu usiotibiwa wamepungukiwa kama alama 7 kwenye vipimo vya akili walipolinganishwa na wengine. Wengi walisoma matokeo hayo wakasema basi kila mjamzito apimwe. Mwaka 2012 jaribio kubwa la Uingereza na Italia, lenye wanawake karibu 22,000, halikuona faida kwa watoto pale ambapo mama wenye upungufu mdogo waligunduliwa na kuanza dawa mimba ikiwa na takriban wiki 13. Wengine wakasoma hayo wakasema basi hakuna haja ya kupima. Mimi nasoma tafiti hizo mbili pamoja. Upungufu mdogo sana ni mjadala wa wataalamu. Upungufu wa kweli ni ugonjwa, na wiki ya 13 ni kuchelewa. Siombi kila mjamzito wa Mbinga atolewe damu ya TSH. Naomba tuwatambue wale ambao hawapaswi kukosa kipimo hicho: mwenye rovu, aliyewahi kutibiwa au kupasuliwa tezi, mwenye kisukari cha kutumia insulini, aliyepoteza mimba zaidi ya moja, aliyehangaika miaka bila kushika mimba, ambaye mama yake au dada yake ana tatizo la tezi. Maswali hayo hayahitaji maabara. Huulizwa siku ya kwanza anapofunguliwa kadi, pamoja na kipimo cha damu, kaswende, VVU na malaria.

Kwa mama ambaye tayari anatumia levothairoksini, jambo moja linapita mengine yote: asiache dawa kwa kuwa ameshika mimba. Nimekutana na wengi walioacha kwa hofu ya kumdhuru mtoto, tena kwa ushauri wa watu waliowapenda. Dawa hii ni homoni ileile ambayo tezi ingeitoa. Kuiacha ndiko kunakomdhuru mtoto. Kinyume chake, dozi inatakiwa kuongezwa mapema, mara nyingi kwa robo au zaidi, na mwongozo wa Chama cha Tezi cha Marekani wa 2017 unatoa njia rahisi kwa anayemeza kidonge kimoja kila siku: ukijua una mimba, meza vidonge tisa kwa wiki badala ya saba, kisha muone daktari haraka. TSH ipimwe kila baada ya wiki nne hivi hadi katikati ya ujauzito, na tena karibu na wiki ya 30. Akishajifungua, dozi hurudishwa ilipokuwa, na kipimo hurudiwa wiki ya sita.

Halafu kuna kosa ambalo ni letu sisi watoa huduma. Mama mmoja aliletwa kwangu akiwa na mimba ya miezi mitano, TSH yake ikipanda ingawa dozi iliongezwa mara mbili. Aliapa kuwa hajakosa siku hata moja. Nikamwomba anionyeshe anavyomeza. Akafungua kifundo cha kanga, akatoa vidonge vyote alivyopewa, vya tezi na vile vya kuongeza damu tunavyoviita fefo, akaviweka kiganjani pamoja.

“Asubuhi, dokta, na chai ya maziwa. Nisije nikasahau.”

Mama yule alikuwa mwangalifu kuliko wagonjwa wangu wengi. Sisi ndio hatukumwambia kwamba madini ya chuma yaliyomo kwenye fefo hushikana na dawa ya tezi tumboni, ikapita bila kufyonzwa. Vidonge vya kalsiamu vya mifupa hufanya hivyohivyo, na kahawa, zao linalosomesha watoto wa Mbinga, hupunguza ufyonzwaji pia. Tulibadilisha ratiba tu. Dawa ya tezi alfajiri kwa maji matupu kabla ya kushika jembe, chai baada ya nusu saa au saa nzima, fefo usiku baada ya chakula. Dozi haikuhitaji kupandishwa tena. Kila mjamzito nchini anapewa vidonge vya kuongeza damu, na ni vizuri apewe. Basi kila anayetumia dawa ya tezi aambiwe kuhusu saa nne za kuachanisha, na aandikiwe kwenye kadi.

Upande wa pili ni tezi inayotoa homoni kupita kiasi, mara nyingi kwa ugonjwa wa Graves. Hapa ujauzito hujificha ndani ya ugonjwa na ugonjwa ndani ya ujauzito, kwa maana mjamzito mwenye afya naye huona joto, hutoka jasho na moyo humdunda. Tena kuna wanaotapika sana miezi ya mwanzo, hasa wenye mapacha, ambao tezi yao huchochewa na homoni ya mimba yenyewe kisha ikatulia bila dawa. Kinachonishtua ni mapigo zaidi ya 100 kwa dakika mama akiwa amepumzika, mikono inayotetemeka, macho yaliyotoka, na uzito usiopanda ingawa anakula. Huyu apelekwe hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki. Kati ya dawa za kuzuia homoni hiyo, PTU hupendelewa hadi karibu wiki ya 16, kwa kuwa kabimazoli katika wiki hizo huweza kumletea mtoto kasoro za kuzaliwa. Baadaye daktari anaweza kubadilisha. Tiba ya madini joto yenye mionzi haitolewi kabisa kwa mjamzito wala anayenyonyesha.

Na kwa wauguzi wa mwambaoni, ambako malaria haijatuacha: mgonjwa anayetumia PTU au kabimazoli akija na homa na koo linalouma, kipimo cha malaria peke yake hakitoshi. Dawa hizo, kwa watu wachache, hufuta chembe nyeupe za damu. Asimamishe dawa, apimwe wingi wa chembe hizo siku hiyohiyo. Dawa ya malaria ikimpa nafuu ya siku mbili, anaweza kurudi amechelewa.

Lakini mwaka baada ya kujifungua ndio unaoninyima usingizi, kwa sababu hapo mama huwa hana kadi.

Wakati wa mimba kinga ya mwili hujilegeza ili imvumilie mtoto. Akishazaliwa, kinga inarudi kwa nguvu, na kwa baadhi ya wanawake inaishambulia tezi. Katika nchi nyingi zilizopima, ni karibu mama 1 kati ya 20. Tezi iliyojeruhiwa humwaga kwanza akiba yake ya homoni, kati ya mwezi wa kwanza na wa sita: moyo unamwenda mbio, anakonda, hana usingizi hata mtoto akilala, anafoka kwa jambo dogo. Baadaye akiba inakwisha, na kuanzia mwezi wa nne hadi wa nane au zaidi tezi inapoa: anachoka, anaona baridi, choo kinakuwa kigumu, nywele zinakatika, maziwa yanaweza kupungua, mawazo yanakuwa mazito. Wengi hupona kabla mwaka haujaisha. Wengine hawaponi kabisa na watahitaji dawa maisha yote, na aliyepatwa mara moja ana uwezekano mkubwa wa kupatwa tena mimba ijayo.

Sasa ziweke dalili hizo Mkumbi, msimu wa kutengeneza ngolo. Wanaume hukata majani na kuyapanga kwa miraba. Kuchimba na kuyafunika kwa udongo ni kazi ya wanawake, kazi ya kuinama kutwa nzima. Mama wa mtoto wa miezi saba anachimba mashimo machache anakaa. Wifi zake wanamtazama. Atasemwa kuwa ameharibiwa na uzazi, amekuwa mvivu, amebadilika tangu apate mtoto. Mume atasema ana hasira zisizo na sababu. Yeye mwenyewe atawaamini. Kuna ndoa ambazo zimekorogeka kwa tezi iliyovimba bila maumivu wala homa, na hakuna aliyejua.

Matibabu yake si magumu. Katika awamu ya kwanza dawa za kuzuia homoni hazisaidii, maana tezi haitengenezi kupita kiasi, inavuja; dawa ya kupunguza mapigo ya moyo yatosha ikihitajika. Katika awamu ya pili, aliyelemewa hupewa levothairoksini kwa miezi kadhaa, kisha inapunguzwa na kupimwa kama tezi imeamka. Ananyonyesha kama kawaida. Hata mwenye ugonjwa wa Graves anayetumia kabimazoli kwa dozi ndogo, hadi miligramu 20 kwa siku, ananyonyesha.

Kuna mama mwingine ambaye lazima nimtaje, kwa kuwa kipimo kinaweza kumsaliti. Ni yule aliyetokwa damu nyingi sana alipojifungua akanusurika. Ubongo una tezi ndogo chini yake, pituitari, inayotoa TSH na homoni nyingine zinazoamuru tezi nyingine nyingi. Wakati wa ujauzito hutanuka, na damu ikishuka ghafla inaweza kufa sehemu. Daktari Harold Sheehan aliieleza hali hii mwaka 1937. Mama huyu maziwa hayatoki tangu siku ya kwanza, hedhi hairudi, nywele za kwapani zinapotea, anachoka miaka na miaka. Akipimwa TSH peke yake, jibu linaweza kuonekana la kawaida, kwa sababu mtoa amri ndiye aliyeharibika. Apimwe homoni ya tezi yenyewe, na asipewe dawa ya tezi kabla ya kuhakikisha homoni ya kotisoli, ambayo nayo hutegemea amri ya pituitari, ipo. Ukianza na ya tezi unaweza kumuua. Mahali ambapo kutokwa damu ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wazazi, walionusurika nao wanastahili swali hili moja: je, maziwa yalitoka?

Huduma ya mama baada ya kujifungua, kwa utaratibu wetu, huishia siku ya 42. Mara nyingi tezi huanza kuharibika baada ya hapo. Lakini mama huyo hajaacha kuja zahanati. Anakuja wiki ya 6, ya 10 na ya 14 kwa chanjo, anakuja mtoto akitimiza miezi 9 na tena 18, na katikati anakuja kila mwezi kwa mizani. Wiki ya 14 huangukia ndani ya awamu ya tezi kuvuja. Mwezi wa 9 huangukia pale tezi inapokuwa imepoa. Hakuna kliniki mpya ya kujengwa wala siku mpya ya kutangazwa. Mwenyewe amesimama kwenye foleni.

Kipimo cha TSH hakifanyiki zahanati, na nauli ya kutoka milimani hadi Mbinga mjini au Songea si ndogo kwa mwenye mtoto mchanga. Hapo ndipo ninapoirudia karatasi ya 1985. Matone ya damu yaliyokaushwa yalisafiri kutoka vijiji vya kusini miaka 40 iliyopita. Na hivi leo zahanati zetu zinachukua damu ya kisigino cha mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU, zinaikausha kwenye karatasi, zinaituma maabara kubwa, na jibu linarudi. Njia ipo, na wanaoipita kila wiki wapo. Tone la mama mwenye dalili, na la kisigino cha mtoto wake ambaye naye huenda tezi yake haifanyi kazi tangu kuzaliwa, yanaweza kusafiri kwenye bahasha hiyohiyo.

Yasiyohitaji karatasi yanaweza kuanza mwezi huu. Mtoto akishatolewa kwenye mizani, nesi amgeukie aliyembeba, amshike kifundo cha mkono ahesabu mapigo kwa dakika nzima, amuulize kama analala mtoto akilala, kama anaona baridi wenzake wakiona joto, kama siku zake zimerudi. Kisha ampe maji kwenye kikombe.

“Na wewe, mama? Inua kidevu. Haya, meza.”